Uliza Sahani Inarudije

Mimi ni mwoga. Nimestaafu nikiwa mwoga vilevile nilivyoanza, na ninyi mliobaki wodini mnaoniuliza nilikaaje chumba cha mahututi miaka yote ile bila mkono wangu kumuua mtu, jibu langu ni hilo. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Hawakuwahi kushika ampuli ya potasiamu, lakini walijua walichosema.

Msitafute humu habari za vyeo wala mishahara. Vyeo nilivipata nikiwa nimeshachoka, na mshahara mnaujua wenyewe. Nataka kuwaandikia habari za vitamini na madini, vitu ambavyo watu wanavichukulia kama peremende, na habari za mzee mmoja wa Kawetele ambaye nusura tumuue kwa chakula.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa na mvua. Mtu wa Tukuyu atacheka, maana hapa ni sawa na kusema ilikuwa na migomba. Nilifika sare imelowa mpaka magotini, nikitegemea kupelekwa kwa wagonjwa, lakini Sista Hadija, msimamizi wa chumba cha mahututi, alinipeleka kwenye kabati. Alikuwa mtoto wa mjini, baba yake akiuza vitambaa sokoni, naye alikuwa na macho ya mwenye duka: anakutazama akijua tayari utashika nini. Alifungua kabati kwa ufunguo uliokuwa shingoni mwake, akanipa ampuli mbili, vile vichupa vya kioo, zenye dawa isiyo na rangi.

"Ipi ni maji ya kuchanganyia dawa, na ipi ni potasiamu?"

Nikasoma maandishi, nikamwonyesha. Yeye alikuwa anautazama mkono wangu.

"Unatetemeka."

"Samahani, dada."

"Usiniombe samahani. Siku utakayoacha kutetemeka mbele ya kabati hili, njoo uniambie, nikuhamishie kliniki ya macho."

Kisha akanieleza. Potasiamu ni madini ambayo moyo haupigi bila hayo. Mgonjwa aliyetapika au kuharisha sana huyapoteza, na lazima umrudishie. Lakini ukiyachoma moja kwa moja kwenye mshipa, moyo husimama kabla hujachomoa sindano. Kwa hiyo yanaingizwa kwenye chupa kubwa ya dripu, chupa inapinduliwa na kupinduliwa tena ili yachanganyike, yanashuka polepole, na watu wawili wanasoma jina la dawa kwa sauti kabla ya kufungua chochote. Alitusomesha kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza. Wagonjwa waliopata fahamu walidhani tunasali.

Hofu ya pili nilifundishwa na mama mmoja aliyetoka kwenye mfungo wa maombi. Alikuwa amefunga muda mrefu, kavu, mpaka wenzake walipombeba kumleta kwetu. Tulianza kumrudisha kidogokidogo, akafumbua macho, akatabasamu. Ndugu zake walifurahi. Mchana, sisi tukiwa tunampokea mgonjwa mwingine, wakampa wali, maharage na soda, wakiimba kwa furaha. Jioni alianza kuhema juu juu. Hatukumpata tena.

Nilikaa nje kwenye ngazi nikilia, na Sista Hadija akakaa kando yangu. "Mwili uliokaa na njaa umeishiwa madini," alisema. "Sasa chakula kikiingia kwa wingi, kila kiungo kinakimbilia madini machache yaliyobaki kwenye damu ili kiweze kukitumia. Potasiamu, magnesiamu, fosfati, zote zinavutwa. Moyo unabaki mikono mitupu. Mtu anakufa ameshiba." Aliniambia pia juu ya thayamini, ambayo wengine mnaiita vitamini B1. Mtu wa njaa ndefu, au mnywaji wa pombe asiyekula, ukimwagia sukari mshipani kabla ya thayamini, unaweza kumharibu akili isirudi. Thayamini kwanza, sukari baadaye, chakula kidogo, madini yapimwe. Kuanzia siku hiyo, mgonjwa aliyekonda akiletwa, mimi naanza kuogopa kabla hajalazwa kitandani.

Mkumbuke kwamba nje ya chumba chetu watu walikuwa hawaogopi hata kidogo. Ulizuka wakati ambapo kila ndugu wa mgonjwa alitaka "dripu ya njano," ile yenye vitamini mchanganyiko. Aliyevunjika mguu, dripu ya njano. Aliyegombana na mumewe akaishiwa nguvu, dripu ya njano. Mkojo ukigeuka njano wanashukuru kwamba dawa imefika. Kweli ilikuwa imefika, chooni. Sista Hadija alikuwa anawaambia vitamini si maji ya baraka, hainyunyizwi kwa kila aliyekaa kwenye benchi. Alipostaafu alinivua kitambulisho, akanivalisha ule ufunguo shingoni, akanirudishia kitambulisho. Hakutoa hotuba, na mimi nilikuwa nimeshaandaa machozi.

Sasa nije kwa mzee wa Kawetele. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu, na daktari wetu alikuwa kijana mmoja mtulivu, Dokta Gwakisa, anayeuliza kabla ya kuandika. Mzee aliletwa asubuhi amelazwa nyuma ya gari la viazi. Aliitwa Mzee Asajile. Kifua kilikuwa kimejaa nimonia, akili imeruka, anaita watu tusiowajua. Aliyemleta ni mwanawe, Lusajo, anayenunua viazi Isongole na kuvipeleka Dar es Salaam, mtu wa kulala barabarani kuliko kitandani.

"Mzee amekula lini mara ya mwisho?" Dokta akamuuliza.

"Anakula, dokta. Tangu mama afariki, mke wangu anampelekea sahani mchana na jioni. Sijawahi kusikia malalamiko."

"Pombe?"

"Komoni kidogo, kwa jirani. Mzee gani wa kwetu hanywi?"

Nilikuwa namvua mzee nguo nimsafishe. Mkanda wake ulikuwa wa ngozi ya zamani, na baada ya matundu ya kiwandani kulikuwa na matundu mengine, yaliyotobolewa kwa msumari, moja baada ya jingine, la mwisho likiwa karibu kufika mgongoni. Mtu anayekula mchana na jioni hatoboi mkanda hivyo. Nikauinua, nikamwonyesha Dokta.

Aliutazama, akamtazama Lusajo, akanivuta pembeni. "Thayamini tumpe sasa hivi kabla ya sukari, hiyo haina ubishi. Tatizo ni chakula, Sista Atupele. Kama ni nimonia tu ndiyo imemkondesha wiki hii, nataka kumlisha vizuri kwa mpira wa puani apate nguvu, maana kwa udhaifu huu kifua kitamshinda. Lakini kama ana njaa ya miezi, nikimlisha hivyo namuua. Na tukingoja majibu ya fosfati yaende Mbeya na kurudi, yatamkuta kaburini. Nitafutie mtu anayejua amekuwa akila nini."

Lusajo hajui, maisha yake ni barabarani. Mama amefariki. Mzee mwenyewe anaongea na marehemu. Nilisimama pale nikifikiria yule mama wa mfungo na tabasamu lake. Nikatazama nje dirishani, na hapo ndipo nilipomwona.

Alikuwa mwanamke kijana, amejifunika kanga kichwani, amesimama kwenye manyunyu ng'ambo ya uwanja na hotipoti mkononi, ameupa mgongo mlango wetu. Hakuwa amegeuka kwa bahati. Kila mlango ulipofunguliwa alijikunja zaidi. Nikajua ni nani kabla ya kuambiwa, kwa sababu hata mimi niliwahi kusimama hivyo.

Kwa wasio wa huku niwaeleze. Kwetu Wanyakyusa, mke hakutani na baba wa mumewe. Hamtazami, haketi naye, hatamki jina lake. Akimwona njiani anaingia migombani mpaka apite. Wenyewe tunaita kutila, ndiyo kuogopa, ndiyo kuheshimu. Siku hizi wengi wameacha, hasa mjini, lakini ziko nyumba ambazo bado zinashika, na nyumba ya Mzee Asajile ilikuwa mojawapo. Mimi mkwe wangu nilimwona uso kwa mara ya kwanza akiwa kwenye jeneza. Nilishangaa alikuwa amefanana sana na mume wangu.

Nikatoka mvuani.

"Ugonile, mwanangu," nikamsalimia. "Wewe ndiye mke wa Lusajo?"

"Ndaga, mama. Ndiye mimi, Bupe." Hakugeuka. "Nimeleta chakula. Naomba akipeleke mtu mwingine."

Hapa ndipo ninapotaka vijana mnisikilize. Ningemuuliza, "Mkwe wako anakulaje?" angeniambia hajui, na angekuwa ananiambia kweli ya adabu. Mkwe hasemwi. Kwa hiyo sikumuuliza habari za mkwe. Nilimuuliza habari za sahani.

"Hiyo sahani ya mchana na jioni, ukiipeleka inarudije?"

Akaivuta hotipoti kifuani.

"Inarudi imejaa," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu mahindi yakiwa yanatoa mbelewele."

Na wakati ule mahindi yalikuwa yamevunwa na kukobolewa. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mumewe, na hapo akachuchumaa chini, akaongea akiutazama udongo. Mama mkwe ndiye aliyekuwa anapokea sahani na kuipeleka ndani. Alipofariki, Bupe akawa anaiweka juu ya gogo, katikati ya nyumba mbili. Siku moja, baada ya matanga, alipinda kona ya migomba akakutana na mzee ana kwa ana. "Nilimwona machoni, mama. Sikupata muda wa kujificha." Siku hiyohiyo sahani ikarudi imejaa. Kesho yake vilevile. Akajua amekataliwa, na alipoona kwa mbali mzee anakonda akajua zaidi: ni yeye aliyemtia ugonjwa. Akawa kila siku, akishaweka sahani, anajificha nyuma ya migomba kuchungulia kama leo atasamehewa. Hakusamehewa.

"Atakufa kwa ajili yangu," akasema. "Mumewe wangu akijua..." Hakumaliza. Hata maneno yalikuwa yanamchanganya.

Sikuwa na muda wa kumbembeleza. Nilimshika bega nikarudi ndani nikikimbia, mimi niliyekuwa nawafokea wanafunzi wasikimbie wodini. "Ni miezi," nikamwambia Dokta. "Komoni na kuokota okota." Dokta akafuta alichoandika.

Tulimwanzia uji mwepesi kwa mpira, kiasi ambacho Lusajo alipokiona alikuja juu.

"Huu ni uji wa mtoto mchanga. Mnamnyima baba yangu chakula?"

"Tunamnyima kifo," nikamjibu, na sikuwa najiamini hata chembe. Kama Bupe alikuwa amekosea, kama mzee alikuwa anakula kwingine, basi nilikuwa namlaza njaa mgonjwa wa nimonia kwa neno la mtu aliyetazama udongo. Usiku nilikuwa nyumbani lakini sikulala. Niliomba zamu ya asubuhi iwahi.

Kesho yake, hata kwa uji ule mchache wa mpira, mashine ya maabara ilionyesha potasiamu imeporomoka, na moyo wake ulikuwa unaruka mapigo. Dokta akasema kwa sauti ndogo, "Tungemlisha kama nilivyotaka, sasa hivi tungekuwa tunamfunika." Aliandika potasiamu na magnesiamu, na uji usiongezwe. Nikaenda kwenye kabati. Mkono ulitetemeka mpaka ufunguo ukakosa tundu. Nesi mwenzangu akasimama kando yangu, tukasoma kwa sauti jina la dawa, kipimo na jina la mgonjwa. Nikachanganya kwenye chupa, nikaipindua, nikaipindua tena. Nikakaa kwenye kiti nikitazama tone baada ya tone, mkono mmoja kwenye mshipa wa mzee. Kila pigo lililochelewa nililihesabu. Mchana mapigo yakaanza kufuatana. Nilikwenda nikanawa uso, nikarudi.

Bupe alikuwa anakuja kila siku na hotipoti, na kila siku ilibidi nimrudishie. Mnaweza kufikiri alivyoipokea. Siku ya kwanza nilimwona uso unazimika, nikamwambia, "Sikiliza. Hiki hakijakataliwa, kinasubiriwa. Mimi ndiye ninayekizuia, si mwingine." Sidhani aliniamini.

Tuliongeza uji taratibu, vitamini zikiendelea, madini yakipimwa kila mashine ilipokubali kufanya kazi. Kifua kikasafika. Asubuhi moja nilikuta mzee ameketi, macho yametulia, anauliza mkanda wake uko wapi. Nikacheka peke yangu. Dokta aliporuhusu chakula cha kawaida, nilimletea ndizi za Bupe mwenyewe, zilizopikwa kwa maziwa, kiasi kidogo kwenye kisahani. Alizinusa kwanza.

"Hizi ni za nyumbani kwangu," akasema.

"Ni za mkamwana wako. Zile ulizokuwa unazirudisha."

Akaweka kijiko chini. "Nani kakwambia nazirudisha?"

"Sahani zilikuwa zinarudi zimejaa, baba."

Alitazama mlango kama anayehakikisha hakuna mtu. "Siku ya kwanza nilikuwa msibani Isongole, nilikula huko. Kesho yake nikataka kutoka kuchukua chakula, nikasikia majani ya mgomba yanachakarika. Yule mtoto alikuwepo. Ningetoka tungeonana, na tulishaonana mara moja, nikaona alivyoogopa. Basi nikakaa ndani kumngoja aondoke. Haondoki. Kila siku haondoki, mpaka chakula kinapoa, anakichukua anaenda nacho."

"Ungemwambia Lusajo."

"Nimwambie mwanangu kwamba mke wake ananichungulia? Nimletee mtoto wa watu matata kwa ajili ya ndizi?" Akashika tena kijiko. "Nilikuwa nanusa tu. Anapika vizuri."

Nimeona mengi kwenye chumba kile, lakini hapo nilishika reli ya kitanda. Watu wawili, kila mmoja akimheshimu mwenzake kwa moyo wake wote, na gogo katikati, na mtu anakufa njaa. Na sasa mimi ndiye niliyepaswa kutoka nje nikamwambie Bupe. Sista Hadija alinifundisha kuogopa ampuli. Hakunifundisha cha kufanya na neno la aina hii. Nilizunguka uwanjani nikitafuta namna ya kulichanganya na maji mengi.

"Hajawahi kukukasirikia," nikamwambia. "Anasema unapika vizuri. Ila ukishaweka sahani, ondoka, mwanangu. Na uondoke kwa sauti, asikie umekwenda."

Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza. Niliona likimwingia, polepole, hadi mwisho. Hakulia. Aliweka kanga mdomoni akasema, "Alikuwa ananisubiri," na nikasema ndiyo, kwa sababu hakuna namna nyingine ya kusema.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilipanda bodaboda kwenda Kawetele. Nilisema naenda kumpima mzee presha. Ukweli ni kwamba nilikuwa na hofu kwamba mazoea yangewashinda, na kwamba ningepewa zawadi ya kustaafu huku yeye akianza tena kutoboa mkanda. Nilifika wakati wa chakula cha mchana, manyunyu yakianguka, nikajibanza nyuma ya ukuta wa nyumba ya mzee, ile ya juu.

Bupe alikuja na sahani, akaiweka kwenye gogo na kuifunika. Kisha akageuka, akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa isiyo nzuri hata kidogo, akashuka akiimba kuelekea bondeni, kupita migomba, kupita kahawa, mpaka kwenye kisima. Mlango haukufunguka. Nilisimama pale mvua ikiniingia shingoni, nikisema moyoni, toka, baba, toka. Ndipo bawaba ikalia. Nikasikia nyayo za taratibu, gogo likikaliwa, na baada ya muda kijiko kikagusa sahani.

Kule bondeni Bupe alikuwa bado anaimba. Alikuwa anarudia ubeti uleule, akilowa, kwa sababu hakuwa na njia ya kujua kama mzee ameshashiba.